Uso wa Wambura kwenye Boksi la Maziwa

Mwanangu Nyamisi,

Sasa hivi umeingia humu ndani, umefungua sanduku lako la bati, umenyanyua shuka, umetoa lile boksi la rangi nililokuwekea chini kabisa, umelirudisha kwenye rafu ya sahani. Hukuniangalia. Ni mara ya tatu leo. Asubuhi nililiweka, ukalitoa. Baada ya kula nikaliweka tena, ukalitoa. Umefunga sanduku taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, ukatoka, na sasa nakusikia nje unacheka na Bibi yako anayekunyoa. "Tulia, mke mwenza, nisije nikakupeleka shule na sikio moja." Kwa hiyo sikuulizi kama hujambo. Nakusikia kwamba hujambo.

Naandika hapa mlangoni palipo na mwanga. Utasoma ukiwa Musoma, bwenini. Sikuandikii habari za kufua sare wala kuficha sabuni, hayo Bibi ameshayasema mpaka umechoka. Mimi niliishia darasa la nne, mambo ya sekondari siyajui. Nikikosea kuandika cheka tu, ila usimwonyeshe mtu.

Nataka kukuambia habari ya hilo boksi. Unafikiri unaijua. Huijui. Ulikuwa na miaka sita.

Kabla ya hizo rangi mimi nilikuwa mtu wa udongo. Nilifundishwa na mama yangu kule Nyegina, na nilipoolewa huku Butiama nikakuta wanawake wa huku nao wanapakaga kuta za nyumba, michoro yao tu ndiyo tofauti. Mweupe unachimba korongoni. Mwekundu unatoa kwenye kichuguu. Mweusi ni masizi ya chungu. Unakoroga na kinyesi kidogo cha ng'ombe ili ushike, unapaka kwa kiganja, mistari unapiga kwa kidole au kwa unyoya wa kuku. Udongo ukiwa mbichi unaonekana umekolea, ukikauka unapauka, na mimi nilikuwaga najua kwa macho tu utapauka kiasi gani. Ukuta ukipasuka hufanyi kitu kikubwa. Unalowesha kiganja, unasugua polepole kwa kuzungusha, udongo unalainika, ufa unajifunga. Kila mwanamke anajua hivyo. Hata wewe ulikuwa umeshajua.

Uso sikuwahi kuchora. Ukutani hatuchoragi uso wa mtu.

Miaka ile ilikuwa ya foleni. Labda unakumbuka tulivyokuwa tunapanga mawe mbele ya duka la ushirika, jiwe linakaa badala ya mtu, na duka likifunguliwa wanasema leo hakuna. Sabuni tulikata kwa uzi. Rangi ya mafuta ya dukani hata jina lake nilikuwa nimelisahau. Mdogo wako Wambura alipoanza kukaa nilimbeba mpaka Bunda kwa mpiga picha. Nilimkuta kwenye kibanda chake, kamera iko shingoni, anatafuna muwa. Akaniambia, "Mama Nyamisi, kukupiga nitakupiga, na taa itawaka. Ila hutapata kitu, filamu sina tangu mwaka juzi." Tukacheka wote wawili. Nikarudi.

Boksi la rangi nilipewa na sista mmoja mzee wa misheni, mzungu, nilipokwenda Nyegina kumsalimia mama yangu. Alitaka nimpakie chumba cha wageni kwa udongo wetu. Nikampakia siku mbili. Alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, akanipa hilo boksi, tyubu kumi na mbili, nyingine zimeshaminywa nusu, na brashi mbili. Nikamuuliza, "Hii ni ya mafuta?"

"Hapana. Ya maji. Lakini nzito. Haifanani na rangi nyingine. Jaribu, utaona."

Kwenye kifuniko kuna neno. Nililisoma herufi moja moja na mpaka leo sijui linatamkwaje. Mimi naziitaga rangi za tyubu. Nikazileta huku, nikazitia kwenye chungu kilichopasuka mdomo. Sikuwa na cha kuchora.

Halafu ikaja surua. Wewe uliumwa ukapona. Wambura aliumwa siku tisa. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Baba yako alikuwa kisiwani Rukuba kwenye uvuvi, alimwacha mtoto hajaota jino, hakumwona akisimama, hakumwona akitembea. Tulimpelekea habari kwa mvuvi mmoja, lakini ziwa lilikuwa limechafuka na kisiwani hakuna mtu aliyekuwa anavuka. Tukazika bila yeye.

Hapo ndipo nilipokufa ganzi. Sijui niite nini kingine. Unajua mguu ukiukalia mpaka hausikii, ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Watu wa msibani walisema huyu binti ana moyo mgumu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilisonga ugali, nilifagia, nilikuogesha, na nilikuwa naiangalia mikono yangu inavyofanya.

Ikaja habari kwamba baba yako anafika baada ya siku tatu. Nikawaza kitu kimoja tu. Ataniuliza, mtoto alikuwa amefikia kuwa na sura gani? Na mimi nitamjibuje? Nitasema alikuwa na macho mawili? Nikashusha zile tyubu.

Karatasi haikuwepo. Nilichana ubavu wa boksi la maziwa ya unga ya msaada, ule upande wa ndani usio na maandishi, wa rangi ya kahawia. Nikakaa hapa hapa mlangoni. Wewe ulikaa karibu yangu ukanishikia kikombe cha maji ya kuoshea brashi, kwa mikono yote miwili.

Siku ya kwanza nilipoteza yote. Nilidhani nitaijua rangi hii kama ninavyoujua udongo. Nilikoroga shavu lake, likiwa bichi likawa yeye kabisa, nikafurahi, nikaenda kuchochea moto. Kurudi limekauka, limekuwa shavu la mtu mwingine. Udongo wote unapaukaga, ndiyo tabia yake. Hii nyeusi yake inapauka na nyeupe yake inakolea, kila moja inakwenda upande wake. Nikawa nakoroga, napaka pembeni, nasubiri ikauke, nakoroga tena. Ukaniuliza, "Mama, unamtafuta wapi?" Nikakuambia nyamaza.

Siku ya pili ulianza kunisahihisha. Nilichora masikio, ukasema, "Siyo hivyo. Hili la huku lilikuwa limejikunja juu, kama jani." Nikaangalia, nikakumbuka, kweli lilikuwa limejikunja. Mimi niliyemzaa nilikuwa nimesahau, sio mwezi bado. Nilipofika kwenye paji la uso nikachovya brashi, ukanishika mkono. "Paji usipake, mama. Boksi lenyewe ndilo paji lake."

Nikarudi nyuma kidogo nikaangalia. Mtoto wa miaka sita. Ile kahawia ya boksi ilikuwa ndiyo rangi yake hasa, rangi niliyokuwa naitafuta siku mbili. Nikaliacha paji bila kugusa. Nataka ukumbuke kwamba hilo lilikuwa lako.

Siku ya tatu Wambura alikuwa amefika. Nyamisi, alikuwa amefika. Nilitia vidoa viwili vyeupe juu ya weusi wa macho, kwa kijiti cha kiberiti, na akaniangalia. Nilisikia kitu kifuani, mara ya kwanza tangu tumzike. Kidogo tu, kama ganzi inavyoanza kuachia. Nikaliegemeza ukutani, nikaenda kuchuma mboga.

Niliporudi mashavu yalikuwa yamepasuka. Nilikuwa nimepaka nene, kama ninavyopaka ukuta, tabaka juu ya tabaka, na rangi ile haitaki unene. Nyufa nyembamba, nyingi, kuanzia puani mpaka kidevuni. Na baba yako anafika kesho.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe chako. Mimi nilichovya kiganja changu ndani ya hicho kikombe. Cha kulia. Nikakikung'uta, nikakiweka juu ya shavu la Wambura, nikasugua polepole kwa kuzungusha, kama nilivyofundishwa na mama yangu na kama nilivyofunga nyufa za nyumba yote hii. Na rangi ile, tofauti na rangi zote, hata ikauke namna gani, ikiona maji inaamka. Uso wote ukaja na mkono. Shavu, pua, mdomo, jicho moja. Nilipoinua kiganja, alikuwa kiganjani.

Ulishtuka. Kikombe kikakuponyoka, maji yakamwagika juu ya boksi, na lile jicho la pili likaondoka. Hilo ni kweli, kikombe kilikuponyoka. Lakini maji yako yalimwagikia uso ambao mimi nilikuwa nimekwisha kuufuta.

Bibi yako akaingia. Alikuwa anamwita Wambura mume wangu, unajua, na tangu msiba hakuwa amemwita mtu yeyote kwa utani. Aliona boksi limelowa, kikombe chini, wewe umesimama juu yake. Mkono wangu ulikuwa ndani ya khanga.

"Nani kafanya hivi?"

Wewe ukasema, "Kikombe kimeanguka, Bibi."

"Mtoto huyu amemfuta ndugu yake," akasema. Hakukupiga sana. Alikupiga kofi moja la mgongo, kisha akakaa chini yeye mwenyewe akalia kwa mara ya kwanza. Ukaniangalia mimi. Nakumbuka vizuri ulivyoniangalia, ulikuwa unangoja niseme.

Sikusema. Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta sababu nzuri ya kukuandikia hapa, na sina. Sikuogopa kupigwa, Bibi yako hakuwahi kunigusa. Mdomo ulikuwepo, maneno yalikuwepo. Nilikuwa naona tu kama yanamhusu mtu mwingine, na nikawaza, nitasema jioni. Jioni nikawaza, nitasema baba yake akifika.

Baba yako alifika asubuhi, miguu ina matope ya ziwa. Bibi akamwambia yote, na la boksi akamwambia. Akaomba alione. Lilikuwa limekauka limejikunja, madoa tu, na juu yake lile paji, safi, halijaguswa, kwa sababu halikuwa na rangi ya kufutika. Na kile kipande cha sikio lililojikunja. Akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Hili paji ni lake." Halafu akasema, "Basi." Akalala siku mbili, akarudi Rukuba nalo.

Kwa hiyo alichoondoka nacho baba yako ni kile ulichokiona wewe. Mimi sikumpa kitu.

Ningeweza kusema wakati wowote baada ya hapo. Hilo ndilo kosa lenyewe. La kiganja lilikuwa la kutojua, hilo nimejisamehe nusu. Hili lingine nililifanya kila siku, kama kuchota maji. Ulipokuwa darasa la tatu nilikusikia nyuma ya nyumba unamwambia binti wa jirani, "Mimi nilimfuta mdogo wangu, ndiyo maana baba hakai nyumbani." Ulisema kama mtu anayesema jina lake. Nilikuwa na beseni la mtama kichwani. Nilisimama mpaka mkamaliza kucheza mkaondoka, kisha nikaingia ndani nikatwanga.

Mwalimu aliponiita na kuniambia kwamba kipindi cha kuchora unarudisha ukurasa mweupe, na kwamba hata ramani unamwomba mwenzako akuchoree, nilijibu, "Hapendi tu, mwalimu." Akasema, "Haya."

Na Bibi, ukivunja kikombe, ukimwaga uji, anacheka anasema mke mwenza bado ana mikono ile ile ya kunifutia mume. Anatania. Ameshasamehe zamani, anadhani ni utani. Nawe unacheka. Nimekuwa nikikuangalia unavyocheka.

Baba yako hakai Rukuba kwa sababu yako. Umekuwa mkubwa, nitasema. Ana nyumba kule, ana mke, ana mtoto wa pili sasa. Alianza kujenga kabla Wambura hajazaliwa. Nilijua. Ningekuambia mapema ungelala vizuri zaidi.

Ruksa ilipokuja, biashara zikaachiwa huru na vibanda vikaanza kufunguliwa Bunda, kila mtu anataka jina mlangoni, nilinunua mkebe wa kwanza wa rangi ya mafuta, unakumbuka nilivyorudi nanuka petroli. Rangi ya mafuta ina amani yake. Unachokipaka ndicho utakachokikuta kesho, mvua inyeshe isinyeshe. Yule kinyozi wa karibu na stendi nilimchorea kichwa, akakizunguka akasema, "Mama Nyamisi, wateja watadhani nanyoa mbuzi." Nikamwambia avute subira, ikikauka itakuwa mbuzi wa kudumu. Mpaka leo kipo na wateja wanakuja.

Lakini mwaka juzi nilizishusha tena zile tyubu. Nyingi zilikuwa zimekuwa mawe. Nikapasua moja kwa kisu, nikaweka kipande kwenye kisahani, nikadondosha maji matone mawili, nikaendelea kuchambua dagaa. Baada ya muda nikaangalia, imelainika. Miaka yote hiyo. Nikatafuta vipande vya boksi, nikawa najaribu siku ambazo wewe uko shule. Usipake nene, hilo ni la kwanza. Jaribu pembeni, uache ikauke ndipo uiamini. Ukitaka kupaka juu ya rangi iliyokauka, brashi iwe na maji kidogo, pita mara moja, usirudi rudi, maana ya chini inasikia. Na ikipasuka, iache imepasuka. Kuna nyufa ambazo hazitaki mkono.

Nimejaribu kumchora Wambura. Mara saba. Haji. Naanza na pua yake, inatoka ya kwako. Naanza na mdomo, ni wewe ulipokuwa mdogo. Nadhani sura yake nimekwisha kuipoteza, na nimeandika hivyo sasa hivi na sikusikia kitu, nimeangalia tu kuku wanapita. Ndivyo nilivyo. Usidhani kwa sababu silii sijui nimekufanyia nini.

Sikuombi umchore. Sikuombi hata ulibebe boksi la rangi. Ukilitoa mara ya nne nitaliacha pale kwenye sahani. Nilichotaka ni kwamba ukikataa rangi, ukatae kwa sababu huzipendi, si kwa sababu mkono wako una kosa. Hauna. Ulikuwa na jicho kuliko mimi. Nadhani bado unalo, nimekuona unavyoangalia milima huko ng'ambo mvua ikiisha, unafumba jicho moja.

Mwanzoni niliwaza nikupe barua hii kesho ukiondoka, uisome peke yako, na mimi nibaki huku nimetua mzigo. Nimeisoma tangu juu, nimeona ni ujanja ule ule. Utakuwa unajua wewe, na Bibi ataendelea kukutania ukija likizo, na baba yako Krismasi atakusalimia kwa mbali vile vile. Kwa baba yako nimeshaandika karatasi nyingine, fupi, atapelekewa na mvuvi wa Jumamosi. Bado Bibi. Yeye hajui kusoma. Kwake hakuna barua, kwake ni mdomo, na mdomo wangu unaujua.

Anaita. "Mama Nyamisi, njoo umalizie huku kisogoni, macho yangu hayaoni tena, nitamwachia mtoto majani." Unacheka. Sasa amesema lile neno lake la mikono, eti usiguse wembe, usije ukamfuta na yeye Bibi. Umecheka tena, lakini nimesikia ulivyonyamaza haraka.

Ameita mara ya pili. Naja, mama. Nyamisi, nakuja hapo nje sasa hivi, na kabla sijashika wembe nitaunyoosha mkono wangu wa kulia mbele yake, ukiwa umekaa hapo hapo unasikia, na nitamwambia mama, siku ile ya boksi aliyemfuta Wambura ni mimi.